Gesti ya Baba Ilivyompeleka Bibi Kitangiri

Baba yangu, Zefania Mughwai, ni fundi wa kuchomelea pale Ihanja, na hajawahi kupima kitu kikakaa sawa. Mageti yake mbwa wanapita chini bila hata kuinama. Ila mdomo anao, na nadhani wateja wanarudi kumsikiliza tu.

Siku moja aliona kwenye simu video ya Wazungu wanaozurura na nyumba yao barabarani, akili ikamruka. Akanunua kibasi kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka jiko la gesi, pipa la maji, mapazia ya maua, na kitanda cha tano kwa sita alichokichomelea moja kwa moja kwenye sakafu. Kijiji kizima kikakiita kibasi hicho Gesti. Mama, Klara, akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kanisani.

Safari yenyewe ilitokana na Bibi Rebeka, mama yake Mama. Alizaliwa kando ya Ziwa Kitangiri, akaolewa huku kwetu, na sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Alitaka alione ziwa lake mara moja tena kabla ukungu haujayafunga kabisa. "Bado naona vizuri tu," alisema, "ila msinicheleweshe." Baba alifurahi kupita kiasi. Hatimaye Gesti ilikuwa imepata kazi.

Tatizo ni kwamba Baba na Bibi ni wakwe, na kwa kina Bibi ukwe hauna mchezo. Mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, wala hasemi naye uso kwa uso. Tangu aoe, Baba akitaka kumwambia Bibi jambo anamwambia Mama, na Bibi yuko pale pale anasikia kila neno. Kupanda gari moja hakuna shida, maana gari si nyumba.

Asubuhi ya safari Bibi alipanda ngazi, hatua ya kwanza tu akajigonga goti kwenye chuma. Akapapasa. Mkono ukakutana na godoro.

"Klara, hapa analala nani?"

"Mimi na Baba Martina, mama."

Alishuka kwa kasi ambayo sikujua kama bado anayo. "Mmeniingiza chumbani kwa mkwe wangu! Mchana kweupe!"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliwaza hilo. Umeme ulikuwa umekatika, grenda haifanyi kazi, kwa hiyo Baba akakata miguu ya kitanda kwa msumeno wa mkono, jasho likimtiririka na majirani wakimpa ushauri ambao hakuuomba. Katika maisha yake hiyo ndiyo kazi pekee aliyoichomelea ikashika. Tuliondoka jua limeshakuwa kali, kitanda kimefungwa juu ya keria na godoro lake, na pazia limetundikwa nyuma ya dereva ili wakwe wasionane.

Singida mjini, watu waliokuwa wakipiga picha mawe ya Ziwa Singidani waliyaacha mawe wakapiga picha kitanda. Misigiri tulinunua mahindi ya kuchoma. Halafu tukaanza kuteremka Sekenke, na breki zikaanza kunuka.

"Mwambie mumeo," Bibi akasema nyuma ya pazia, "akitaka kufa, ashuke afie pembeni."

Mama akageuka. "Baba Martina, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama natumia gia."

"Mama, anasema anatumia..."

"Mwambie hizo gia zenyewe zinalia."

Kona zilipozidi Mama alitapika kwenye ndoo, kazi ya kupeleka ujumbe ikahamia kwangu. Tulipofika chini nilikuwa nimechoka kuliko gari.

Tulifika Kitangiri jua likielekea kuzama. Mama akaenda kutafuta samaki. Mimi nilibaki ndani nasafisha ile ndoo, na dirishani nikamwona Bibi amesimama na fimbo yake, kiganja juu ya macho, anatabasamu.

"Linang'aa vile vile," akasema. "Halijabadilika hata kidogo."

Alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo. Alikuwa anatazama mabati ya nyumba za kijiji.

Moyo uliniuma. Tulikuwa tumechelewa, na si kwa sababu ya kitanda. Baba, aliyesimama hatua chache kutoka kwake, aliangaza huku na huku akitafuta mtu wa kumtuma. Nikainama, nikabakiza jicho moja tu dirishani.

Akavua kofia. "Mama," akasema, "ziwa liko huku." Hakumgusa mkono. Alishika ncha ya fimbo yake, akaivuta taratibu mpaka Bibi akageuka.

Bibi akakaza macho kule majini. "Sioni kitu, Zefania," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina lile.

Basi Baba akaufungua ule mdomo wake. Akamwambia maji yametulia, yanawaka kama bati ambalo halijanyeshewa. Kwamba mitumbwi imeegeshwa kwenye majani na mmoja umeoza. Kwamba kuna ndege wakubwa weupe wenye midomo kama koleo, wanavua kuliko watu. Na kwamba pale mbele, samahani mama, kuna mzee anaoga, uchi kabisa.

"Mnene au mwembamba?"

"Mwembamba, mama. Hana matako."

"Basi huyo ni wa ukoo wetu," Bibi akasema, akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi ndani nikalia juu ya ndoo.

Mama akatokea na samaki mkononi, akaganda. Baba alimwona, akashtuka, akaiachia fimbo na kuvaa kofia yake haraka. "Klara," akasema, macho chini, "mwambie mama kwamba..."

"Aniambie nini?" Bibi akamkatiza, akaielekeza fimbo kule sauti ilikotoka, aishike tena. "Sema mwenyewe. Yule mzee ameshavaa?"