Nilidhani mwizi kaingia kwenye karavani yangu ya kizamani. Nilichokikuta bado kinanitetemesha

Wakuu, heshima mbele.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kazi yangu ni kucheka na kupita. Leo nimekaa kuandika kwa sababu jambo hili nikilala naliona, nikiamka naliona. Sitaongeza chumvi. Lilivyo lenyewe linatosha kabisa.

Niko Stockholm, pande za Tumba, naendesha basi. Mke mmoja, binti mmoja anaitwa Neema, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi bila hata kugeuza shingo.

Nina ugonjwa mmoja: magari ya kale.

Mzee wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kambi za barabara, kule Iringa. Wahandisi walilala kwenye karavani, zile nyumba ndogo za matairi zinazovutwa na gari. Iliyochakaa kuliko zote akapewa mzee. Likizo nilikuwa nalala naye humo, inanukia mafuta ya taa na mbao zilizolowa. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya raha mpaka leo.

Sasa Waswidi nao ni wagonjwa wenzangu. Kiangazi wanakusanyika uwanjani na magari ya babu zao, wanatoa viti, wanakunywa kahawa na kupigana picha. Ukipita na kombi ya zamani wanakupungia kama mbunge.

Huko ndiko nilikomkuta Papa Furaha. Mweusi mwingine alikuwa yeye tu, na nilianza kuiona miguu yake, maana yeye mwenyewe alikuwa chini ya gari la mtu asiyemjua, anamrekebishia bure. Mkongo wa Uvira. Furaha ni binti yake, anasoma Göteborg, mama yake alishaachana na jamaa zamani.

Tukashibana hasa. Hata kanisa tukawa tunasali moja, lile la Waswahili kule Bredäng, na yeye alikuwa amepanga chumba hukohuko. Mimi nilikuwa na kombi, yeye mikono. Mama mmoja wa Fisksätra alipotangaza kuuza karavani ya ujana wake, yenye mapazia ya rangi ya chungwa, tuliikimbilia wote wawili. Nikanunua mimi, akaifufua yeye.

Magari haya hayaonekani barabarani majira ya baridi, chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu inayala. Kwa hiyo tukaiweka karavani kwa mkulima mmoja nje ya Tumba, nyuma ya ghala lake. Ufunguo wa pili nikamwachia Papa Furaha, maana alikuwa anabadilisha sakafu.

Vuli ikaingia, jamaa akawa adimu. Nikipiga simu, yuko sawa. Nikisema nije kwako, leo hapana, ana kazi. Nikisema twende tuone karavani, ananiambia nisijisumbue, gundi ya sakafu haijakauka.

Wakuu, gundi gani hiyo inakauka kuanzia Oktoba mpaka Januari? Nilicheka tu. Nikasema fundi ni fundi popote duniani, hata Ulaya anakupiga kalenda.

Na Jumapili alikuwa haonyeshi chochote. Suti imenyooka, tai imekaa, anapiga gitaa watu wanalia. Tunashikana mikono, habari, nzuri, Bwana asifiwe, kila mtu anakimbilia treni yake.

Basi mwishoni mwa Januari ikashuka theluji ya ajabu. Jumamosi mchana nikaenda peke yangu na koleo, naogopa paa la karavani lisije likabomoka. Kumbe paa ndilo lilikuwa tatizo dogo.

Nyuma ya ghala nikakuta njia imekanyagwa kwenye theluji, kwenda na kurudi. Madirisha yana ukungu kwa ndani.

Hapo nikajua nimevamiwa. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikashika koleo vizuri, nikabisha, kimya. Nikafungua.

Cha kwanza kuona ni suti. Ile suti ya Jumapili, imetundikwa ndani ya mfuko wa nailoni. Chini yake gitaa.

Cha pili ni Papa Furaha, amelala chini ya mablanketi, jiko la gesi linawaka pembeni. Matundu yote ya hewa yamezibwa na vitambaa. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikampiga kofi. Hakufumbua jicho.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimshika makwapa nikamburuta mpaka nje, nikamlaza kwenye theluji, nikapiga 112, namba ya dharura. Yule dada wa upande wa pili ananiuliza kwa utulivu kama anapumua, na mimi Kiswidi chote kimenitoka, najibu Kiswahili. Mwisho nikasikia akikoroma. Sijawahi kupenda mkoromo wa mtu kiasi kile.

Wa gari la wagonjwa walisema ni gesi ya sumu isiyo na harufu, inayotokana na jiko kuwaka pasipo hewa, na kwamba angekaa humo kidogo tu zaidi, tungekuwa tunaongea mengine. Mkulima naye akatoka akaniambia alikuwa anaona mwanga siku zote. Alidhani ni sisi tunakarabati, hakutaka kutuingilia.

Kumbe mwenye nyumba alikitaka chumba chake tangu Oktoba. Jamaa akahamia karavani na hakumwambia mtu. Binti yake alikuwa anaongea naye kwa video, anaona yale mapazia ya rangi ya chungwa, anaambiwa baba yuko camping.

Hospitali nilimjia juu. Nilikuwa na hasira wakuu, hasira ya mtu aliyeogopa. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, mimi si ndugu yako?

Akasema hivi:

"Papa Neema, kila dimanche ku kanisa mulikuwa munaniuliza habari, na miye nilikuwa najibu muzuri. Kwetu Uvira, mutu akiwa hajakuona siku mbili, anakuya kubisha mulango. Hapa miye nilingoja mutu abishe."

Nilitoka kwenye korido nikalia kama mtoto, manesi wananipita.

Kwa sababu ni kweli. Kuanzia Oktoba hatukuwahi hata mmoja wetu pale kanisani kugonga mlango wake. Tumejifunza ustaarabu wa huku: piga simu kwanza, omba nafasi, ukiambiwa leo hapana unasema haya, siku nyingine. Tungekwenda Bredäng siku moja tu bila taarifa, tungemkosa pale na tungeuliza yuko wapi.

Sasa hivi amelala sebuleni kwangu. Furaha alikuja, akamkumbatia baba yake, akamgombeza kwa Kiswidi, akalia kwa Kiswahili.

Niwamalizie na hili. Jumapili iliyopita jioni tunakula, mlango ukagongwa bila simu wala meseji. Wakuu, nililaani kimoyomoyo: nani huyu asiye na adabu?

Papa Furaha yeye alishanyanyuka kitambo, anakimbilia mlango.

Funzo langu mmeliona. Walioko ughaibuni na hata mlioko nyumbani, semeni ukweli: nani aliwahi kubisha kwenu siku mliyokuwa mnamhitaji? Na ninyi mmembishia nani hodi? Nasoma zote, hata za matusi.