Nilivyombeba Kabula hadi misheni

Jamani wa Geita, bila mimi leo Ushirombo yote ingelia!

Asubuhi mvua ilinyesha, na Kabula, binti wa mdogo wangu mnayechimba naye huko, akashikwa na yale maumivu ya mifupa aliyozaliwa nayo. Mnayajua. Ndiyo yaliyomchukua kaka yake.

Nikasema, "Mama Kabula, nipe mtoto. Mimi nimewahi kubeba ndama mabegani hadi Kahama!"

"Taratibu, shemeji. Mfunike apate joto, umpe maji njiani. Miaka sita namlea, namjua."

Nikatoka mbio, mama yake nyuma.

"Baba mkubwa, unaniumiza!"

Mbio zikaishia hapo.

Basi, tumefika zahanati ya misheni. Amepata dawa, amekunywa uji, sasa anakoroma. Mwambieni baba yake atulie.

Semeni wenyewe, nani kati yenu angeweza?

Ila hili msimwambie baba yake. Mimi nilimfikisha kisimani tu, mgongo ukakataa. Njia yote iliyobaki alimbeba mama yake, polepole, akimwimbia.

Mimi nilibeba kibuyu cha maji.

Nacho kilinichosha.