Mama Pasi Anapima Sauti

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, hata wale waliowahi kulijua jina lake walishalisahau. Alikuwa dobi katika duka dogo lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vifaa vya umeme, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: kunyoosha. Mashati, sare za walinzi, mashuka ya nyumba za wageni. Aliwajua watu kwa nguo zao kuliko walivyojijua wenyewe. Vifungo vikianza kuning'inia, alijua mke kaondoka. Suti ya pili ikiletwa, alijua mtu kapanda cheo. Watu hao wote walimwamkia kwa heshima, wakachukua mizigo yao, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa kuzungumza, na katika joto lile nani angekaa?

Nyumbani alikuwa na chumba kimoja, kitanda, meza na viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha kuwekea nguo. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, na mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wale wanaovuka mpaka huu leo na ule kesho. Kila alikofika alinunua laini nyingine, kwa hiyo mama hakuwa na namba ya kumpata. Yeye alikuwa mtu wa kupigiwa tu, na mtu wa kupigiwa tu, simu yake ikifa, naye kafa nusu.

Basi simu yake ikafa. Ilimteleza mfukoni ikatumbukia kwenye beseni la wanga, ule wa kukazia kola. Aliitoa mbio, akaifuta, akaianika dirishani. Ilikauka vizuri sana. Ilikauka ikawa ngumu kama kola yenyewe, na haikuwaka tena. Iliyopona ni laini peke yake.

Kesho yake mchana alifunga duka, maana mwenye duka huwa anapita jioni tu, akaenda kwa muuza simu wa mtaa wa pili. Kijana huyo walimwita Chiriku, na hawakumsingizia.

"Karibu, mama, karibu sana! Simu ni kama kiatu, lazima ikutoshe wewe, siyo jirani yako. Hebu niambie, unaitumia kwa kazi gani?"

"Kazi za kila siku tu."

"Zipi hizo? Unapiga picha?"

Mama Pasi alimeza mate. Kila siku alichofanya na simu ni kuitazama. Mtu utasemaje jambo kama hilo mbele ya kijana uliyemnyooshea mashati?

"Picha napiga sana," akasema. "Za familia."

"Makundi ya kuchati?"

"Mengi mno. Hata yananichosha."

Kundi alikuwa nalo moja, la wapangaji, ambamo mwenye nyumba aliandika peke yake habari za maji na takataka. Lakini uongo una tabia ya kutafuta wenzake. Kufumba na kufumbua, Mama Pasi alikuwa na wajukuu wa kuwatumia video, mashoga wa kupiga nao soga, na harusi za kuhudhuria kila mwezi.

"Kumbe mama wewe ni mtu wa watu!" Chiriku alipiga makofi. Akaweka mezani simu nyembamba inayong'aa, yenye kamera nne mgongoni. "Mtu wa watu ni hii. Nyingine nitakuwa nakuonea."

Mama Pasi alitikisa kichwa, akasema hapana, ni ya vijana hiyo. Kisebusebu na kiroho papo. Mtu wa watu! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na neno lilimwingia. Hapo ndipo angesema anachotaka hasa, yaani simu yenye mlio wa kushinda mvuke wa pasi, asimkose mwanawe. Hakusema.

Chiriku akaweka laini, akapangusa huku na huku, vidole vikicheza kiooni. "Tuijaribu. Nitajie namba ya mtu yeyote, tumpigie."

Namba alizozijua kwa kichwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya marehemu. Akataja ile nyingine, ya duka la dobi. Simu ikaita, ikaita, mpaka ikakata.

"Hawapokei," alisema Chiriku.

"Wana kazi nyingi," alijibu Mama Pasi. Anayeipokea simu ile ni yeye, na alikuwa amesimama pale.

Jumamosi, akiwa katikati ya shuka, simu mpya ikalia. Namba ngeni, ndefu, ya nchi nyingine. Roho ilimruka. Alijifuta mkono, akapangusa kioo kama alivyoona Chiriku akifanya. Simu ikaendelea kulia. Akapangusa tena, kwa kidole hiki, kwa kile. Vidole vyake vilichomwa na pasi miaka na miaka, ncha zimekuwa ngumu na zinang'aa kama pembe ya ng'ombe, na kioo hakikuvitambua hata kimoja.

Akakumbuka kitufe cha pembeni. Kwenye simu ya zamani mwanawe alikuwa amemtengenezea kabla hajasafiri: bonyeza hapa, mama, utakuwa umepokea. Akabonyeza. Mlio ukanyamaza. Alhamdulillahi! Akaiweka sikioni.

"Haloo? Mwanangu? Ongea, nakusikiliza. Mbona kimya? Hujambo lakini? Umekula?"

Aliongea peke yake mpaka alipoitazama, akakuta imeandika kwamba kuna simu hakuipokea. Kitufe kilikuwa kimezima mlio tu. Huko aliko, mtoto alikuwa amesikia simu ikiita bure. Mama Pasi alilia, tena kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Shuka la nyumba ya wageni likaungua kona.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza dukani kwa Chiriku. Akaiweka simu mezani.

"Mwanangu, nilikudanganya. Mimi si mtu wa watu. Napigiwa na mtu mmoja tu, na juzi nimemkosa."

Chiriku aliichukua simu. Alijaribu kuipiga ile namba ya ugenini. Haikupatikana. Kisha akamwomba mama mkono, akazitazama zile ncha za vidole, akaurudisha taratibu.

"Tuanze upya," akasema. "Simu unaitumia kwa kazi gani?"

"Kumpokea mwanangu."

Akainama chini ya meza, akatoa simu nene, nyeusi, kamera moja, mlio wa kuamsha mtaa. "Inakaa na chaji siku nzima na zaidi. Na kitufe nakuwekea kiwe cha kupokelea. Ila haina sura."

"Hata mimi sina. Tutafaana."

Chiriku akacheka, akatoka nje na simu yake. "Nakupigia. Ukishapokea usiseme kitu, mimi nitaongea, wewe pima sauti tu."

Mama Pasi alibonyeza, na safari hii ikapokea. Sauti ya Chiriku ikamjaa sikioni: jua la leo, kelele za mtaa, mama mwenye nyumba wake anayefunga bomba kwa kufuli. Sauti ilikuwa safi toka neno la kwanza. Mama Pasi alimwacha aendelee.

Mwanawe alipiga tena Jumapili, mama akiwa chumbani. Kitufe hakikumwangusha.

"Shikamoo, mama. Wiki iliyopita hukupokea, nikapata wasiwasi."

"Marahaba, mwanangu. Simu ilinigomea. Sasa nina nyingine."

"Afadhali. Uko mzima?"

"Mzima. Nawe?"

"Mzima. Haya mama, basi..."

Ile "basi" ilikuwa ndiyo mwisho wa mazungumzo yao siku zote. Mama angejibu safari njema, kisha angebaki ameshika simu iliyonyamaza. Leo akapiga moyo konde.

"Usikate. Simu ni mpya, sauti yake sijaijua. Ongea, niipime."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Zilisikika honi za malori kwa mbali. Kisha kijana akaanza, kwa kusitasita, habari za tairi lililopasuka, habari za utingo wa dereva mwenzake anayeimba vibaya na kula vitunguu vibichi. Halafu akasema, "Mama, siku nyingine nashinda na kulala kwenye lori bila kusema neno na mtu. Inasikika?"

"Inasikika, mwanangu," alisema mama. "Endelea."

Jumapili iliyofuata kijana hakuisema ile "basi". Aliuliza, "Mama, ile sauti umemaliza kuipima?"

"Bado," alisema Mama Pasi, akaondoa nguo kwenye kiti cha pili, akaiweka simu pale, wakakaa.