Herufi za Saluni Zimebaki Tupu

Leo nimemaliza kuchora bango la ukutani, kumbe sijamaliza hata herufi moja.

Dada mmoja anafungua saluni hapa Busia. Alinipigia: "Fundi, nataka zile herufi nene za zamani, zenye tumbo na kivuli. Za kompyuta nimechoka nazo."

Jamani, nilifurahi! Siku hizi nani anaziulizia?

Nikachora mstari wa nje wa S, nikasogea. Nikachora A, nikasogea. Herufi hizi zinakula ukuta, lakini mkono bado unazijua.

Nilipofika I ya mwisho, dada akatoka nje.

"Fundi, mbona ndani hakuna rangi?"

Nikageuka. SALUNI nzima, tupu.

Mimi huchora mstari tu. Mke wangu Nabwire ndiye aliyekuwa akinifuata nyuma na brashi nene, anajaza rangi, anaweka kivuli. Maduka ya Busia mpaka Tororo tulichora hivyo.

Tulimzika kijijini Lunyo mwezi wa nne.

Dada nimemdanganya kwamba nasubiri mstari ukauke. Nimekalia ndoo ya rangi, brashi ya Nabwire mkononi.

Mwenye picha ya duka lolote tulilochora, naomba anitumie. Kivuli alikuwa anakiweka upande gani? Mimi siku zote nilikuwa mbele.