Wimbo wa Kuogeshea Katika Nyumba ya Matanga

Muuguzi aliponiambia nimpeleke mwanangu kwenye nyimbo parokiani, nilikasirika. Nilikuwa nimetoka sokoni Nyawera jua likiwaka, sombe yangu, majani ya muhogo ninayouza, nimemwachia jirani wa meza, nikitarajia angalau sirupu. Mtoto alikuwa ameshaanza kusema "papa", "mayi" akitaka maji, na "tena", lakini tangu baba yake afukiwe na shimo la dhahabu huko Kamituga, hasemi lolote. Hata akianguka halii. Na dawa yake iwe ngoma? Nilishukuru kwa adabu, nikatoka nikinung'unika.

Nilikwenda hata hivyo, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Katika ukumbi wa parokia walikaa kina mama na watoto wao mikekani, na mwanamke mmoja mwenye ngoma ndogo. Nilidhani atatufundisha nyimbo. Wapi! Alimtazama mwanangu tu. Mwanangu alipogonga sakafu kwa kijiko, naye akagonga ngoma mara moja, akanyamaza, akasubiri. Nikaona ni upuuzi mtupu. Kisha mwanangu akagonga tena, akamtazama usoni. Tangu msiba hakuwa amemtazama mtu hivyo, nami nikalia mbele za watu bila aibu.

Mwanamke yule akaniuliza baba alikuwa akimwimbia nini. Nikamwambia ni wimbo wa Kimashi wa kuogeshea, kila jioni, maji yakimwagika uani kote. Akasema niuimbe nyumbani, kwenye beseni lile lile. Hapo ndipo penye tatizo. Kwetu, nyumba yenye matanga haiimbi wala haifungui redio mpaka ukoo ukutane kuyaondoa, na shemeji zangu walikuwa bado wamekwama Minova, njia imefungwa. Mwenye nyumba ni mama mkwe wangu, na yule mama hachezewi. Nilimweleza yote niliyoambiwa ukumbini. Aliendelea kuchambua maharagwe tu.

Ukimya wake niliuchukua kama ruhusa. Jioni nikamwogesha mtoto uani, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikanyamaza, nikajua leo nitakiona.

"Unaiimba mubaya," akasema. "Haiko vile. Ile wimbo, ni miye nilimufundishaka papa yake."

Akavuta kigoda, akaketi, akaimba tangu mwanzo, kiganja kikipiga ukingo wa beseni. Alipofika mahali pa kumwagia mtoto maji kichwani, sauti ilimkatika. Alijaribu tena, akashindwa, akajifuta macho kwa kitenge. Sikumwona akilia hata siku ya mazishi. Mwanangu akamtazama, akagonga beseni mara moja, akasubiri, kama alivyofanyiwa ukumbini. Bibi yake hakuelewa. Mtoto akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Koko," akasema, akimwita bibi yake. "Tena."

Nilikaa chini pale pale kwenye maji kwa furaha. Mama mkwe aliimba tena, na tena, mpaka maji yakapoa na maharagwe yakaungua jikoni, nasi tukayala hivyo hivyo bila kulalamika.

Shemeji zangu walifika baadaye sana kuondoa matanga. Waliingia jioni wakizungumza kwa sauti, kila mmoja na mpango wake wa sherehe. Mama mkwe akawanyamazisha kwa mkono.

"Mungoje kwanza," akawaambia. "Mutoto iko naoga."