Kibuyu Alichokichora Kabula

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka vizuri, na siku hizi nikiikumbuka natabasamu. Ilikuwa miezi michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimerudi Mwanza kwa meli, likizo ya chuo kikuu, kijana wa kubishia kila kitu, hata chumvi ya kwenye mboga.

Nilimkuta mdogo wangu Kabula akichora kwa penseli kibuyu chetu cha unga. Kesho yake mchoro ulitakiwa kwa mwalimu. Wanafunzi wawili tu wangechaguliwa kusomea ualimu wa uchoraji, na Kabula aliitamani nafasi hiyo kuliko chakula.

"Nchi inazaliwa, wewe unachora kibuyu?" nikamwambia. "Tena kilichopasuka."

"Kaka, wewe umesoma. Mimi nimekitazama."

Hilo lilinichoma. Ufa wa kibuyu ulishonwa kwa uzi wa mkonge, naye alikuwa amechora kila mshono. Nikaona mwalimu atatucheka kwa ufukara wetu. Kabula alipokwenda ziwani kuchota maji, nikachukua kifutio, nikafuta mishono yote na ufa wenyewe. Nilidhani nimemsaidia.

Bibi aliyetulea akaingia, akauinamia mchoro.

"Hiki cha nani?"

"Chetu, bibi."

"Si chetu. Chetu alikishona mama yenu, kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mishono inalala kinyume. Mjukuu wangu msomi, unga wa humo umekula miaka yote, hujaona?"

Sikuwa nimeona. Mama alifariki nikiwa mdogo. Nilijua majina ya wafalme wa Ulaya, lakini sikujua kwamba mama alitumia mkono wa kushoto.

Kabula aliporudi nikakiri. Akachukua karatasi nyingine. "Kishike hapo dirishani. Na usitikisike."

Nikakishika mpaka mkono ukafa ganzi, nikiutazama mshono mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Kabula alichaguliwa, akafundisha uchoraji hadi alipostaafu.

Basi, mwanangu, endelea kuhoji. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila kabla hujakiita kitu cha kawaida, kitazame kwa muda ule anaoutumia mchoraji. Kwenye sufuria iliyobonyea na kiti chenye kiraka wamo watu wako. Usiwafute ili wageni wakusifu. Mungu akujalie macho yenye subira, na nyumba isiyokosa cha kutazama.