Ini la Ng'ombe wa Utemi

Baba alipofariki, watu wawili walikitolea macho kiti chake cha utemi: kaka yangu, mzee wa kanisa, na binamu yangu, Mwislamu mfanyabiashara wa Isaka. Mtemi wa siku hizi hana jela wala kodi. Huketi karibu na mkuu wa wilaya kwenye sherehe, na wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu kule Segese, humletea kondoo awaombee kwa mizimu. Kwa hayo tu ndugu walitaka kutoana roho.

Binamu alikuwa na haki ya kale, maana zamani utemi ulimfuata mtoto wa dada wa mtemi. Kaka alidai haki ya sasa, ya mtoto wa mtemi mwenyewe. Wazee wakagawanyika, dini zikaingizwa, na watu waliokuwa wakisalimiana tangu utotoni wakaanza kuitana makafiri.

Desturi ya ukoo wetu ni kwamba kabla ya uchaguzi, wagombea na watu wa nyumbani mwao hula ini la ng'ombe mmoja mbele ya wazee. Asiyekula amejitoa. Siku zote huchinja Mwislamu, ili wote wale. Safari hii kaka alimpa kisu muumini mwenzake wa kanisani, asubuhi, nyuma ya zizi. Nilimwona.

"Binamu yako akijua atasusa," kaka akaniambia, "na akisusa, kiti changu. Akikuuliza mwambie ukweli. Wewe wanakuamini."

Mama yake binamu, shangazi yangu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa nanyonya. Alinikuta jikoni nageuza ini kwenye makaa.

"Mayu," akaniita, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Kachinja nani?"

Nikajiona nina akili kuliko wote. Wakila, niliwaza, hakuna atakayejitoa, wazee watachagua kwa haki, nasi tutabaki ndugu.

"Yule yule wa siku zote, shangazi."

Akamwambia mwanawe, nao wakala lile ini mbele ya wazee. Kaka alipoona hakuna aliyesusa, alisimama akacheka, akamtaja aliyeshika kisu. "Huyo ndiye Mwislamu wenu!"

Watu wa msikitini waliokuja kumuunga mkono binamu waliinuka mmoja mmoja, wakaondoka. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Shangazi hakuwa akigombea kiti chochote. Alijitia vidole kooni akatapika palepale, mbele ya wakwe na wajukuu. Nilijichukia, na bado najichukia.

Binamu akawa amebaki bila watu, na wazee wakampa kaka utemi, wengine wakiwa wameinamisha vichwa. Shangazi hakunigombeza hata siku moja. Alipolazwa mjini Shinyanga, nilikwenda kila siku na chupa ya uji, na kila siku nilirudi nayo imejaa. Shikamoo yangu aliiitikia, wanangu aliwaulizia. Siku ya mwisho midomo ilikuwa imemkauka, nikamsogezea kikombe cha maji. Akageukia kitanda cha jirani, akamwomba mwanamke asiyemjua, yeye ndiye amnyweshe.